Vikundi vya mazingira na fedha za serikali: msilipe mwandishi wa mapendekezo kabla ya kusoma haya

Ndugu uliyeuliza kuhusu kikundi chenu kinachosafisha kingo za Mto Ngong upande wa Mukuru, Nairobi, ambacho kimepeleka maombi ya fedha kwa kaunti zaidi ya mara moja bila kufaulu na sasa kinataka kuchangisha wanachama ili kumlipa mtaalamu wa kuandika mapendekezo, ushauri wangu ni kwamba hizo pesa mziweke kwanza. Kwa miaka kadhaa nimesaidia vikundi vya mazingira vya Eastlands, hasa vinavyoishi na moshi wa jaa la Dandora na majitaka yanayomwagwa mitoni. Nilichojionea ni kwamba maombi mengi hufa kwa kuwa hufika fedha zikiwa zimeshagawanywa, hata yakiwa yameandikwa vizuri namna gani.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mambo yake huamuliwa mapema sana. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti hutakiwa kuwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika bunge lake kufikia 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla ya mwaka wenyewe kuanza, kisha mkakati wa fedha kufikia 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kikundi kinachojitokeza Mei, baada ya kusikia tangazo la kikao cha wananchi, hukuta viwango vya matumizi vimeshapangwa na kubaki kubishania makombo. Wakati wa kusema kwamba mtaa wenu unahitaji mtaro au bomba la majitaka ni Julai na Agosti, mpango huo unapoandikwa, na wa kumwambia ni msimamizi wa wadi pamoja na mwakilishi wadi wenu.

Tena msiishie kusema kwa mdomo. Andikeni waraka wa ukurasa mmoja au mbili, mtoe nakala mbili, moja muiache ofisini na nyingine mrudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Niliwahi kukaa katika kikao ambapo afisa alisema kwamba hakuna aliyewahi kuleta suala la majitaka katika wadi hiyo. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha Korogocho, alifungua faili yake ya plastiki, akatoa nakala yenye muhuri na kuipeleka mbele mwenyewe, na tangu dakika hiyo mazungumzo yakawa ya lini na kwa kiasi gani. Karatasi ile ilifanya kazi ambayo hotuba za vijana wetu hazikuweza kuifanya.

Ndani ya waraka huo wekeni ushahidi wenu. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, mahali, kilichoonekana au kunuka, nyumba ngapi zilifurika, nani aliarifiwa na alijibu nini. Daftari lililojazwa kwa miezi sita na watu wanaoishi hapo lina uzito, na linapowekwa sambamba na utafiti uliochapishwa uzito huo huongezeka. Kwa Dandora, kwa mfano, utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 ulipima watoto 328 na kukuta kwamba nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Tajeni pia Ibara ya 42 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, ili ombi lenu lisomwe kama dai la haki. Mimi huumia ninapoona mtaa uliobeba taka za jiji zima kwa miongo kadhaa ukipewa miche ya kupanda na fulana za siku ya usafi, ilhali mtaro wa majitaka bado unapita mlangoni mwa watu.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba fedha zote za serikali huingia katika akaunti ya kikundi. Mpango wa FLLoCA wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2021, hupitisha fedha Hazina ya Taifa hadi kaunti, na miradi hupendekezwa kupitia kamati za tabianchi za wadi. Hapo mnachotafuta ni kiti katika kamati na mradi katika orodha. Wanachama wanaotaka kipato kutokana na kazi yenyewe wanaweza kusajili biashara na kuomba zabuni za serikali katika ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini hilo ni suala tofauti na msilichanganye na waraka wenu wa madai.

Kuhusu makaratasi sitasema mengi: cheti halali chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotaka angalau wanachama kumi, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mikutano zilizotiwa saini, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na akaunti ya benki yenye waweka saini zaidi ya mmoja. Afisa wa maendeleo ya jamii atawaelekeza.

Sasa, kabla ya kuomba tena, iandikieni kaunti barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkiuliza kwa nini maombi yenu hayakufaulu na ni miradi gani ya mazingira iliyopata fedha katika wadi yenu. Sheria inaruhusu ombi hilo liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, mna haki ya kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Jibu likifika, liwekeni hapa mkiwa mmeficha majina, nitalisoma pamoja nanyi ili tujue ni idara gani ya kuielekezea waraka wa Julai.