Pumzi ya Mwanzo 2:7 ndiyo Roho Mtakatifu? Je, mtumishi anaweza kutuvuvia?

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi nasali Tabata. Kwenye mkutano wa injili mtumishi alipuliza kwenye maiki, watu wa mbele wakaanguka. Akasema hiyo ni Yohana 20:22, Yesu alipowavuvia wanafunzi, na kwamba pumzi ile ndiyo ya Mwanzo 2:7, Mungu alipompulizia Adamu. Nilikuwa nyuma kabisa ya turubai, sikuanguka, na mhudumu akaniambia nina kizuizi. Je, pumzi na Roho ni kitu kimoja? Na kama ilinipita, nifanyeje?

JIBU: Amina, dada. Mtumishi hakukosea kuziweka aya hizo mbili pamoja. Amekosea kujiweka yeye katikati yake.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kiebrania kina neno ruah, ambalo ni upepo, ni pumzi, na ni roho, kutegemea linasemwa wapi. Fungua Ezekieli 37, bonde la mifupa mikavu. Katika Biblia ya Union utakuta nabii anaambiwa autabirie upepo, pumzi inaitwa itoke pande za pepo nne, na kufika aya ya 14 Mungu anasema atatia roho yake ndani yao. Kwa Kiebrania ni ruah mwanzo hadi mwisho. Mwebrania aliyeisikia sura ile alisikia neno moja likirudi na kurudi. Sisi tunasikia matatu. Zaburi 104 vilevile: aya ya 29 Mungu anaiondoa “pumzi” ya viumbe wanakufa, aya ya 30 anaipeleka “roho” yake wanaumbwa. Ni ruah zote mbili. Mfasiri ndiye aliyeamua ya kiumbe iitwe pumzi na ya Mungu iitwe roho, na sioni kama angeweza kufanya vinginevyo. Kiswahili kina upepo na pepo, maneno yaliyo karibu kabisa, lakini pepo kwetu ni wa kupungwa. Nani angethubutu kumwita Roho wa Mungu hivyo?

Kigiriki cha Agano Jipya kina neno la namna hiyo hiyo, pneuma. Ndiyo maana Yesu anapomwambia Nikodemo “upepo huvuma upendako”, kisha anamtaja aliyezaliwa kwa Roho, upepo na Roho ni neno lile lile. Na kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analiona haraka kuliko wengine: Mwanzo 1:2 ya Union inasema “Roho ya Mungu ikatulia”, lakini Yohana 16:13 inasema “huyo Roho wa kweli, atawaongoza”. Sarufi yetu inamlazimisha mfasiri aseme kama anayetajwa ni nguvu au ni nafsi.

Sasa Mwanzo 2:7. Neno la pale si ruah, ni neshama: pumzi inayoingia na kutoka puani. Hiyo kila aliye hai anayo. Mwizi wa simu pale Kariakoo anayo, tena haombi kwanza. Mwanzo 7:22 inaitaja “pumzi ya roho ya uhai” hata kwa wanyama waliokufa katika gharika, kwa hiyo na mbuzi wa mnada wa Pugu yumo. Paulo akiwahubiria Waathene wasioamini anasema Mungu huwapa wote uzima na pumzi (Matendo 17:25). Kama pumzi hii ingekuwa ndiyo kujazwa Roho, Yohana 7:39 isingesema Roho alikuwa hajaja kwa sababu Yesu alikuwa hajatukuzwa. Watu walikuwa wakipumua siku zote hizo. Basi pumzi ni zawadi, Roho ndiye mtoaji wake. Ayubu 33:4 inawataja kwa pamoja bila kuwachanganya.

Uhusiano wa Yohana 20:22 na Mwanzo upo, tena ni mzito. Wayahudi walipotafsiri Torati kwa Kigiriki kabla ya Kristo, kitendo cha Mungu kumpulizia Adamu walikiandika kwa kitenzi ambacho katika Agano Jipya lote kinatokea mara moja tu, hapa, Yesu anapowavuvia wanafunzi. Hata Ezekieli 37:9 ya Kigiriki inacho. Yohana anatuambia kwamba aliyesimama chumbani mle, na alama za misumari mikononi, anafanya kazi ya Muumba. Ndiyo sababu naona si salama mhubiri kuisoma aya ile kisha yeye akapuliza. Anakalia kiti kisicho chake.

Mitume wenyewe hawakufanya hivyo. Samaria waliweka mikono (Matendo 8:17), Efeso Paulo akaweka mikono (19:6). Sisemi kupuliza kama ishara ni haramu: padre wa Kikatoliki zamani, kabla ya marekebisho ya 1969, alimpulizia mtoto usoni wakati wa ubatizo, na askofu hadi leo huvuvia mafuta ya Krisma, yaani mafuta matakatifu ya kupaka. Lakini hiyo ni ishara ndani ya sala ya Kanisa. Hakuna anayedai Roho anatoka mapafuni mwa askofu, wala anayehesabu walioanguka.

Kuhusu wewe na hicho kizuizi. Yohana haandiki kwamba mwanafunzi yeyote alianguka. Kilichofuata pumzi ile, aya ya 23, ni agizo la kusamehe dhambi. Kisha soma aya ya 24: Tomaso hakuwamo. Pumzi ilimpita kabisa. Yesu aliporudi baada ya siku nane, alimwonyesha mikono na ubavu, na hatusomi kwamba alimvuvia. Hata hivyo ni Tomaso aliyesema “Bwana wangu na Mungu wangu”, na jina lake limo katika Matendo 1:13 miongoni mwa waliokuwa wakidumu katika sala orofani. Siku ya Pentekoste, inasema 2:4, walijazwa wote.