Kwa dereva anayeingia baridi yake ya kwanza: dawa ya dizeli na mipira ya mafuta

Wadogo zangu mnaoanza kuendesha malori huku Marekani, nawaandikia kabla ya Novemba, maana ikishafika mtakuwa barabarani. Mimi nilitokea njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Kule dizeli ikiwa safi, basi, umemaliza. Huku inaganda.

Aliyekaa Mbeya mwezi wa Julai ameona mafuta ya nazi yanavyokuwa magumu chupani. Dizeli nayo ina nta ndani yake. Ile ya kawaida, namba 2, joto likishuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri huanza kuwa na ukungu, nta inajitenga, chembe zinajazana kwenye filta na injini inakosa mafuta. Gari linaweza kuwaka vizuri tu asubuhi, halafu likakufia dakika ishirini baadaye, na hapo umeshaingia barabara kuu.

Mwaka wangu wa kwanza nilijaza tangi zote mbili Texas kusini, nikapanda nayo I-35 kuelekea Duluth, Minnesota. Pampu za kaskazini wakati wa baridi huuza mafuta yaliyoandaliwa kwa baridi ya kule. Za kusini huuza ya kusini. Dawa ya kuzuia dizeli isigande nilikuwa nayo, chupa nzima nyuma ya kiti, nikaimimina gari likiwa limeshazima. Haikufanya kitu. Dawa ya kuzuia kuganda inazishika chembe za nta zingali changa zisiungane. Zikishaungana unahitaji dawa ya aina nyingine, ile ya kuyeyusha, pamoja na filta mpya na mahali penye joto. Kwa hiyo mimina dawa mafuta yakiwa bado na joto, tena itangulie tangini ndipo dizeli iingie juu yake ijichanganye. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa kwa galoni. Kifuate.

Mtaikuta pia dizeli namba 1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Nyumbani kuchanganya hivyo ni uchakachuaji na ni kosa la jinai. Huku mchanganyiko unauzwa waziwazi kwa ajili ya baridi, na unasaidia kweli. Ila namba 1 ina nguvu pungufu kidogo na hailainishi vyuma kama namba 2. Tangu 2006 dizeli ya barabarani huku ilianza kushushwa salfa hadi isizidi sehemu 15 kwa milioni, na usafishaji huo huondoa pia vitu vilivyokuwa vikilainisha pampu na nozeli, hata ikabidi virudishwe kwa dawa. Ndiyo maana nachagua dawa ya baridi iliyoandikwa kwamba inalainisha pia. Zenye alkoholi siziweki kwenye gari langu, zinaharibu mipira ya kupitishia mafuta na oringi, zile pete za mpira za kuziba maungio.

Sasa mipira, na hapa naomba mnisikilize sana. Baridi ya pili gari lilikosa nguvu mlimani, kila niliyemuuliza akasema mafuta yameganda. Nikamimina chupa mbili. Hali ileile. Fundi mmoja mzee akaingia chini na tochi, akanivuta mkono nipapase mwenyewe: mpira unaotoka tangini kwenda kwenye filta ulikuwa umelegea klipu, ukawa unasuguana na ncha ya chuma cha chasisi mpaka umelika kama kisigino cha ndala. Hata tone halikudondoka, kwa sababu upande ule pampu inavuta. Palipotoboka hapatoi mafuta, panaingiza hewa. Baridi nayo ilikuwa imeukakamaza mpira, klipu haikamati tena.

Tofauti utaiona kwenye kikombe cha filta kinachopitisha mwanga. Nta inaonekana kama uji mweupe; hewa ni vipovu vinavyopita. Na gari lililovuta hewa usiku kucha husumbua kuwaka asubuhi, kisha likakaa sawa, kinyume na lile lililoganda.

Ikifika Oktoba, zima injini, pitisha mkono kwenye kila mpira kutoka tangini hadi mbele, uukunje kidogo uone kama una nyufa. Ukiona mpira unagusa chuma, uvalishe kipande cha mpira wa zamani uliopasuliwa, ufunge vizuri. Uliopasuka badilisha, usiuzungushie utepe wa gundi. Ukifanya kazi Minnesota ongeza macho: kiangazi dizeli yao hufika asilimia 20 ya biodizeli, yaani dizeli ya mafuta ya mimea, baridi hushuka hadi 5, na biodizeli huifanya mipira ya malori ya zamani iwe laini na dhaifu.

Maji huganda kabla ya nta, kwenye sifuri kamili. Yamwage kwenye filta ya kutenga maji jioni kabla hujalala. Ukisubiri asubuhi utafungua koki na hakuna kitakachotoka, kikombe chote ni barafu.