Waja leo, waondoka leo: maswali ya wodi ya upasuaji

Sista, mama alizuiwa kula na kunywa tangu saa mbili usiku, akaingia thieta saa nane mchana wa pili yake. Midomo ilimpasuka kwa ukavu. Ni lazima? (Binti, Makorora)

Si lazima, mwanangu. Tunachoogopa ni matapishi kuingia mapafuni mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi. Ila maji hayakai tumboni. Kwa oparesheni ya kupangwa, mtu mzima huacha chakula chepesi masaa sita kabla, na maji au chai ya rangi masaa mawili kabla. Chai ya maziwa ni chakula, na uji pia. Wa dharura au aliyeziba utumbo hayumo humu. Siku nyingine uliza: "Mgonjwa wetu ni wa ngapi kwenye orodha?" Kumfungisha wa kwanza na wa tano kuanzia saa ileile ni uvivu wetu tu.

Utaratibu wa kumwinua kitandani na kumlisha mgonjwa mapema baada ya oparesheni tuliuanza kwa semina na fulana. Mwaka wa pili umekufa. Tukiufufua, tufanyeje usife tena? (Muuguzi, Muheza)

Fulana bado mnazo, bila shaka.

Nilikofanya kazi nimeuona ukifa. Tulikuwa na sista mmoja aliyepita kila asubuhi na kalamu nyekundu: huyu mpira wa mkojo umetoka? Huyu amekaa kitini? Uji amekunywa? Akahamishwa. Wiki ya tatu, karatasi za miguuni pa vitanda zilikuwa na tiki za siku ya kwanza tu, kwingine kweupe. Hakuna aliyeamua kuuacha. Lilitangulia kurudi lile "asile kitu kuanzia usiku", maana ni rahisi kulisema ukiwa peke yako zamu nzima. Kisha mgonjwa mmoja akatapika, na wodi nzima ikaanza tena kunyimwa chakula mpaka kila mtu atoe hewa kwa nyuma.

Kwa hiyo msiufunge kwa mtu. Maagizo ya baada ya oparesheni yachapwe kabisa: anywe, ale, akae, atembee. Anayetaka kumzuia mgonjwa kula ndiye aandike sababu. Halafu hesabuni mambo matatu tu kila Ijumaa: waliokunywa maji mpaka masaa mawili kabla, walioshuka kitandani siku hiyohiyo, na waliotolewa mpira asubuhi yake. Iandikwe ubaoni, isomwe kwenye ripoti ya asubuhi, daktari wa upasuaji na wa ganzi wote wakiwepo. Ikishuka wiki mbili mfululizo, kaeni. Intern, yaani daktari aliye kwenye mazoezi, apewe karatasi ya maagizo hayo siku anayoripoti.

Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark aliyeasisi fikra hii miaka ya 1990, hakuleta dawa ya ajabu. Alikusanya vitu vidogo vingi vifanyike kwa pamoja, ndiyo maana kimoja kikiachwa hakuna anayeshtuka. Mwaka 2022 yalitoka hata mapendekezo ya nchi zenye kipato kama chetu, kwa hiyo anayesema ni mambo ya Ulaya mwambieni asome.

Nilipasuliwa ngiri, jioni yake nesi akanitaka nitembee. Nyuzi hazifumuki? (Mzee, Pangani)

Shikamoo mzee wangu. Kutembea hakuzifumui. Kulala chali ndiko kunakogandisha damu miguuni na kujaza makohozi kifuani. Kaa kwanza ukingoni, miguu ining'inie, vuta pumzi, kisha simama umeshikwa. Ukikohoa, kandamiza kidonda kwa kanga iliyokunjwa. Kizunguzungu kikija, rudi kitandani. Na dawa ya maumivu meza kwa saa zake, usingoje uugulie ndipo uombe.

Huku kuinuliwa na kuruhusiwa mapema si njia ya kutufukuza kwa kuwa vitanda havitoshi? (Dada, Ngamiani)

Tanga tunajisifu kwa "waja leo, waondoka leo", lakini wodini haitumiki. Mtu huruhusiwa akila bila kutapika, akienda chooni mwenyewe, maumivu yakitulizwa na vidonge, na hana homa. Kidonda kikitoa usaha, tumbo likivimba au homa ikipanda, arudi hata usiku. Wa Lushoto hawezi kurudi kirahisi, kwa hiyo apewe namba ya simu ya wodi. Ipigeni mkiwa bado getini, msikie kama inapokelewa.