Kitengo cha pamoja cha utafiti: msaada au foleni?

Umeuliza kama kitengo kimoja cha kuhudumia tafiti zote za kitabibu kina faida, au ni foleni nyingine tu. Foleni ipo, sikatai. Lakini daktari mwenye utafiti wa wagonjwa 40 hawezi kuajiri mtakwimu, mfamasia, muuguzi wa utafiti na mtu wa kanzidata kwa mwaka mzima. Kwenye kitengo cha pamoja anawapata kwa saa anazohitaji.

Mimi faida kubwa naiona kwenye fomu ya ridhaa. Kamati ya maadili ikishapitisha toleo jipya, la zamani lazima liondoke mezani. Kila idara ikijisimamia, utakuta mshiriki amesaini toleo la 2 wakati la 3 ndilo linalotumika, na hapo tayari una ukiukaji wa kuripoti. Sampuli nazo: friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikizima usiku wa manane, nani anapigiwa simu? Kitengo kizuri kina king'ora na mtu wa zamu. Idara mara nyingi ina kufuli tu.

Ila usijidanganye, kazi unaweza kuigawa lakini mtafiti mkuu ndiye anayebaki kuwajibika kwa usalama wa washiriki. Miongozo ya kimataifa ya GCP (Good Clinical Practice, yaani utendaji bora wa tafiti za kitabibu) iko wazi hapo. Na mtakwimu muone kabla hujaandika itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti. Ukimletea data mwishoni na washiriki hawatoshi, hakuna hesabu ya kuwaongeza.