Kabla hujaiuza hiyo kompyuta, angalia kinachojiwasha nayo

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi baada ya robo saa, na mimi nikabaki nimesimama mbele ya wateja wanne tunaitazama kompyuta ikijivuta. Mwanafunzi mmoja alikuwa na fomu kwenye fleshi, anataka nakala mbili tu. Kioo kilishatulia, mausi inatembea, lakini kila nikibonyeza faili lake, kiduara kinazunguka na hakuna kitu. Nikapiga jicho saa ya ukutani. Tangu kuiwasha hadi faili kufunguka, dakika sita na ushee. Mteja wa tatu alishavuka barabara kwenda steshenari ya jirani.

Jioni ile nilikuwa tayari kumtafuta dalali wa kompyuta za mtumba. Mashine yenyewe niliinunua imeshatumika, ramu GB 4, diski ya zamani ile ya kuzunguka, nikajiambia imefika mwisho. Kijana anayetengeneza simu mlango wa pili akaniuliza, "Kaka, ukiiwasha hiyo, vinawaka na vitu vingapi vingine?" Sikuwa na jibu.

Akanionyesha. Unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendeshwa na kompyuta. Kwenye Windows 10 dirisha likija dogo, bonyeza More details, halafu utaona juu pameandikwa Startup, yaani vinavyojiwasha. Kwenye Windows 11 orodha imehamia kushoto, inaitwa Startup apps. Nikahesabu: programu 17. Mimi kwa siku nzima natumia tatu, ya kuandikia, ya kuskania na ya kuperuzi.

Hizo 17 zote zinataka kusomwa kutoka kwenye diski kwa wakati mmoja, na diski ya kuzunguka ina mkono mmoja tu wa kusomea, unahama huku na kule. Ukishawahi kugombania daladala ya Mbagala jioni unaelewa: hakuna anayeingia haraka kwa sababu wote wanaingia.

Kwenye orodha hiyo kuna safu inaitwa Startup impact. Watu wengi wanaipita. Programu ikiandikiwa High, maana yake wakati wa kuwaka imekula zaidi ya sekunde 1 ya muda wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, au imesoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski. Anza na hizo. Mimi nilikuwa nazo sita. Moja ya simu za video, niliyoitumia mara moja kwenye usaili ambao hata kazi yenyewe sikupata. Moja ya muziki. Moja ya kupandisha mafaili mtandaoni, ambayo sikuwahi hata kuingiza nywila. Mbili kazi yao kuulizia kama kuna apdeti ya programu fulani. Na moja ya printa niliyoshaiuza mwaka uliotangulia! Printa imeenda, mlinzi wake amebaki.

Unaichagua, unabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, unachagua Disable. Haifutiki. Ukiihitaji unaifungua mwenyewe kama kawaida, na ukijuta unarudi palepale na kuchagua Enable. Kwa hiyo usiogope sana, ila usizime kama unafagia. Antivirusi iache. Ya sauti iache. Kwenye laptopu, ya kuongozea ile sehemu ya kutelezesha kidole iache pia. Ukikutana na jina usilolijua, safu ya Publisher inakuambia nani kaitengeneza, na kitufe cha kulia kina Open file location, kinakupeleka hadi ilipojificha.

Nilipoiwasha upya kesho yake, dakika mbili na sekunde kama kumi. Kompyuta ileile.

Sasa, ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini nilishaonja. Nikasoma mahali kwamba kuna amri ya msconfig, ya kupanga Windows iwake vipi, unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaiandika, unaenda sehemu ya Services, yaani huduma zinazofanya kazi chinichini, na humo kuna orodha ndefu kuliko foleni ya NIDA. Nikaona Disable all, nikaibonyeza. Asubuhi kompyuta iliwaka kama taa. Intaneti haishiki. Printa, nayo, naambiwa huduma ya print spooler, ile inayopanga foleni ya kuchapa, haifanyi kazi. Nimekaa na mashine yenye kasi ambayo haichapishi, kwenye steshenari. Saa mbili zilinipotea kabla sijakumbuka kurudi palepale na kubonyeza Enable all. Pale chini kuna kisanduku kimeandikwa Hide all Microsoft services; ndicho kinachozificha huduma za Windows yenyewe usiziguse. Sikukisoma. Ushauri wangu ni kwamba kule usiende kabisa. Task Manager inatosha kwa asilimia kubwa ya watu.

Faida nyingine sikuitegemea: bando. Mimi napata intaneti kwa kuunganisha simu, na zamani nilikuwa nashangaa MB zinaisha kabla sijafungua hata barua pepe. Kumbe zile za kuulizia apdeti na ile ya kupandisha mafaili zilikuwa zikiona tu mtandao, zinaanza kazi. Nilipozizima, bando la siku likaanza kufika jioni.

Lakini sababu kubwa ya mimi kuandika haya ni kitu nilichokikuta kwenye orodha miezi kadhaa baadaye. Jina lake Microsoft Windows Based Script Host. Linasikika la heshima, si ndiyo? Publisher ni Microsoft kweli. Kilichonishtua ni kwamba halikuwepo mwezi uliopita. Nikafungua ilipo, ni wscript.exe, programu halali ya Windows ya kuendeshea skripti, yaani faili lenye amri za kutekelezwa. Tatizo ni skripti yenyewe. Nikabonyeza tena Windows na R, nikaandika shell:startup, ikafunguka folda ya vitu vinavyojiwasha, na ndani yake faili moja la skripti, la .vbs, lenye jina la herufi zisizosomeka.

Ni vile virusi vya shotikati. Mwenye steshenari yeyote anavijua: mteja anachomeka fleshi, kila faili limegeuka shotikati, alama tu inayoelekeza kwingine, anapiga kelele kwamba umemfutia kazi. Nilikuwa nasafisha fleshi, zinarudi zimeambukizwa, kwa sababu chanzo kilikuwa kwenye kompyuta yangu, kinajiwasha kila asubuhi pamoja na mimi. Hapo kuzima tu hakutoshi. Nilisimamisha wscript kwenye Task Manager, nikalifuta lile faili, nikapitisha antivirusi kwenye diski nzima, ndipo nikashika fleshi. Na mafaili ya mteja huwa hayajafutwa, yamefichwa tu. Fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya fleshi yako badala ya E, subiri, yatajitokeza. Dada mmoja aliyeamini ripoti yake ya mafunzo imepotea aliniachia soda.

Wanaopenda kuchimba zaidi kuna Autoruns, ya bure, ya Mark Russinovich wa Sysinternals, kampuni iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Inaonyesha kila kona ambayo programu inaweza kujichomeka ili iwake, hata zile ambazo Task Manager haizionyeshi. Ni ndefu na inatisha, itumie kuangalia kabla ya kuitumia kuzima.

Msichopaswa kupakua ni zile programu za kusafisha kompyuta, zinazotangazwa kwamba zitaongeza kasi maradufu. Niliwahi kuweka moja. Kitu cha kwanza ilichofanya ni kujiandika kwenye orodha ya kujiwasha, impact High.

Na nisiwadanganye, kama una hela, badilisha diski uweke SSD, diski isiyozunguka. Mimi nilibadilisha baadaye, sasa inawaka chini ya nusu dakika. Ila hata na SSD orodha inajijaza yenyewe, kila unapoweka kitu kipya. Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla sijafungua geti, naipitia, na nilichokizima nakiandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma.

Wiki hii nimekuta mgeni mmoja, wa printa mpya. Anataka kuniambia kila asubuhi wino umebaki kiasi gani. Wino mimi naujua kwa kutazama karatasi. Nimemzima.