Kwa mnaoanza kushika mapambo ya fedha ya Kirumi: acheni kwanza pamba

Ukikabidhiwa pete ya fedha ya Kirumi kwa mara ya kwanza, mkono utakuwasha kuisugua. Wangu uliwasha. Pete yenyewe ilikuwa na jogoo aliyechorwa juu ya bamba lake, mistari yote imejaa weusi. Nikachovya pamba kwenye chaki iliyolowa, nikaanza kusugua kama mtu anayesugua sufuria. Mkuu wangu wa kazi alinishika kifundo cha mkono, hakusema neno, akanisogezea hadubini.

Weusi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa nielo: sonara mwenyewe aliunguza fedha pamoja na salfa, akajazia mchoro ili jogoo aonekane. Na jogoo ni ndege wa Mercury, mungu wa biashara. Bila yeye ile ni pete tupu. Balaa ni kwamba weusi wa uzee nao ni fedha iliyoshikana na salfa, kwa hiyo rangi haikusaidii kitu. Tazama ulipokaa. Nielo hukaa ndani ya mfereji wa mchoro, na kingo zake ni safi. Weusi wa uzee hutambaa popote.

Bangili yenye umbo la nyoka ikija imepinda, iache hivyo hivyo. Fedha ya Warumi ilitiwa shaba kidogo, na ikilala ardhini karne nyingi huwa kavu kama biskuti. Ukiinyoosha inakatika.

Kwenye pete za vito, usikisome kito kama picha. Kimechongwa kinyume kwa sababu ni muhuri. Piga picha, kisha uigeuze kama kwenye kioo. Niliwahi kuandika kwamba Fortuna, mungu wa kike wa bahati, ameshika usukani kwa mkono wa kushoto, nikarudishiwa karatasi. Usukani hushikwa kulia, pembe ya matunda kushoto.

Mkipata nafasi, someni sana juu ya chungu cha Snettisham, Norfolk, Uingereza, kilichofukuliwa 1985 wakati nyumba ikijengwa. Ni mali ya sonara wa karne ya 2: sarafu 110, vito zaidi ya mia vilivyochongwa, vingi akiki nyekundu, pete na bangili za nyoka, vipande vya fedha vinavyongoja kuyeyushwa. Mimi lakini huvutiwa zaidi na kijiwe chake cha kwatzi, jiwe gumu, kile alichong'arishia fedha. Kazi niliyokuwa naiharakia na pamba yangu, yeye alikwisha kuimaliza.