Kelele za ndani ya fleti: kaisikilize nyumba yako ukiwa kwa jirani wa chini

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mnaishi ghorofa ya tatu, wewe, mkeo na watoto wenu wawili wadogo, na kwamba mama anayeishi chini yenu, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku, amekuwa akiwatumia ujumbe kupitia kwa mlinzi akilalamikia kelele za mchana. Unauliza kama ni haki mtu kulalamikia kelele za saa tano asubuhi, na kama ni afadhali mhame mkataba utakapoisha. Nimeishi katika fleti za Upanga, Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, nikiwa na watu juu yangu na watu chini yangu, na kwa kipindi fulani nilikuwa katibu wa kamati ya wakazi wa jengo letu, kwa hiyo malalamiko ya namna hii nimeyapokea kutoka pande zote mbili. Ushauri wangu ni kwamba, kabla hujaamua ni nani mwenye haki, umwombe mama huyo akukaribishe sebuleni kwake, ukae pale huku familia yako ikiendelea na shughuli zake kama kawaida, na uisikilize nyumba yako ukiwa chini.

Nasema hivyo kwa sababu mtu hawezi kuzijua kelele zake akiwa ndani mwake. Sauti ya mazungumzo, ya runinga au ya mtoto anayelia husafiri hewani, na sakafu ya zege, ambayo katika majengo yetu mengi ina unene wa sentimita 15 hivi, huizuia kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya uzito wake. Kishindo ni jambo jingine kabisa. Kisigino kinapogonga marumaru, au mguu wa kiti unapoburutwa, zege lenyewe ndilo linalotikisika, na dari ya jirani, ambayo ni upande wa pili wa zege hilohilo, huwa kama ngozi ya ngoma. Ndiyo maana wewe uliye juu unaweza kuiona nyumba yako kuwa tulivu, kwa kuwa hakuna anayepaza sauti na runinga mmeipunguza, na wakati huohuo aliye chini anazifuata hatua za kila mmoja wenu kutoka chumbani hadi jikoni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele katika makazi, lilipendekeza kwamba wastani wa sauti ndani ya chumba cha kulala usizidi desibeli 30, na likaweka kiwango cha pekee kwa sauti za ghafla, kwamba kila moja isizidi desibeli 45. Viwango hivyo vimetenganishwa kwa sababu nzuri, na mtu yeyote aliyewahi kulala mchana anaijua. Feni inayovuma saa zote haimwamshi mtu, lakini mpira mmoja unaodunda juu ya kichwa chake humwamsha, na akishaamka hubaki macho akiusubiri wa pili. Kwa hiyo mama huyo anapolalamika, usidhani anawataka muishi kwa kunong'ona. Inawezekana sana kwamba sauti zenu za kawaida hazimfikii hata kidogo, na kinachomsumbua ni mambo mawili au matatu tu ambayo hamjawahi kuyatilia maanani.

Nilipokuwa katibu, mzee mmoja wa ghorofa ya kwanza alileta malalamiko kwamba wakazi wa juu yake wanapiga nyundo kila alfajiri. Familia ya juu ilikana kwa uchungu, kwa kuwa nyundo hawakuwa nayo, na maneno yakaanza kuwa makali ngazini. Tulimwomba baba wa familia ile ashuke alfajiri moja, akaketi na yule mzee jikoni kwake, na haukupita muda mrefu tukasikia, tak, tak, tak, kutoka darini na ukutani. Kilikuwa kinu kidogo cha kutwangia kitunguu saumu na tangawizi, ambacho mkewe alikiweka juu ya slabu ya jikoni, nayo slabu ni zege lililoungana na ukuta, na ukuta huo unashuka hadi chini kabisa. Yule baba alisikiliza kwa muda, kisha akasema, "Shikamoo mzee, tuwie radhi. Kumbe ni sisi." Jambo lile lilimalizwa kwa taulo kuukuu lililokunjwa mara nne na kuwekwa chini ya kinu.

Mambo ya kinu yanastahili kuelezwa zaidi kidogo, kwa sababu sisi wenye asili ya pwani tumeingia katika maghorofa tukiwa na jiko lililozoea ua. Shangazi yangu aliishi katika maghorofa ya Michenzani, Unguja, yale majengo marefu yaliyojengwa Ng'ambo baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na aliniambia kwamba akina mama wa ngazi yao walikubaliana mapema kabisa kwamba kinu kikubwa hakitwangiwi juu. Mwenye kisamvu alikishusha chini, akatwangia uwanjani, na mara nyingi akapata mwenzake wa kumpokea mchi. Sijui njia bora kuliko hiyo hadi leo, na pale ambapo jengo lina uwanja au hata sehemu ya kuegeshea magari, naipendekeza kwa moyo wote. Mbuzi ya kukunia nazi haina shida kubwa mradi iwekwe juu ya mkeka mzito na miguu yake isigonge sakafu.

Sasa turudi kwa watoto wako, kwa kuwa ninaona ndio wanaokutia simanzi. Mtoto mdogo hawezi kuambiwa asikimbie mchana kutwa, na sikubaliani na wazazi wanaowafokea watoto kila dakika kwa ajili ya jirani, kwa sababu watoto hao huishia kumwogopa na kumchukia mtu ambaye hawajawahi hata kumsalimia. Kinachowezekana ni kubadilisha mahali na wakati wa kucheza. Katika majengo mengi vyumba hupangwa kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu, yaani chumba chenu cha kulala kiko juu ya chumba chake cha kulala, na sebule yenu juu ya sebule yake. Muulize analala chumba gani anapotoka zamu. Akikwambia ni kile cha upande wa barabarani, basi chumba chenu cha upande huo kifungwe asubuhi, vitu vya kuchezea vihamishiwe sebuleni, na tayari utakuwa umefanya zaidi ya zulia lolote utakalonunua. Sakafu hutikisika zaidi katikati ya chumba kuliko karibu na kuta na nguzo, kwa hiyo hata ndani ya sebule kona ni bora kuliko katikati.

Kuhusu zulia, linasaidia, lakini ni vizuri ujue linasaidia nini. Zulia nene au mkeka wa sponji huondoa ile sauti kali ya kugonga, kama vile kijiko kinapoanguka, gari la kuchezea linapobiringishwa au viatu vya mchuchumio vinapopita. Kishindo kizito cha kisigino cha mtoto anayeruka kutoka kwenye kochi hupungua kidogo tu, kwa kuwa hapo ni uzito wa mwili wenyewe unaolitikisa zege. Kuruka, kwa hiyo, ndiko kunakofaa kuwekewa mipaka, na ni rahisi zaidi mtoto kuelewa katazo moja la kutoruka kutoka kwenye kochi kuliko agizo la "acheni kelele", ambalo halimwambii afanye nini. Ndara laini za ndani nazo zina faida kuliko kutembea peku, hasa kwa sisi watu wazima ambao wengi wetu tunakanyaga kwa kisigino bila kujitambua.

Viti vya meza ya chakula ni kelele ambayo nimeisikia ikilalamikiwa kuliko nyingine yoyote, na ndiyo yenye tiba nafuu kuliko zote. Vile vifuniko vya mpira vinavyovalishwa ncha za fimbo na magongo hupatikana Kariakoo kwa ukubwa tofauti, na vikivalishwa miguu ya viti na stuli hudumu muda mrefu kuliko vile vitambaa vya kubandika, ambavyo hung'oka mtu anapopiga deki. Kwa kweli sioni sababu ya mtu kukaa katika ghorofa ya juu bila kufanya jambo hili dogo siku ileile anayohamia.

Umetaja pia kwamba maji yenu ni ya mgao na wakati mwingine hutoka usiku wa manane, kwa hiyo mnalazimika kuamka kukinga. Hapo hakuna wa kulaumiwa, lakini namna ya kukinga ina tofauti kubwa. Maji yanayoanguka kutoka bombani hadi chini ya pipa tupu hulia jengo zima. Ukifunga mpira bombani na kuufikisha hadi chini ya pipa, mdomo wake ukafunikwa na maji mapema, mlio huo hutoweka karibu wote. Ndoo zinyanyuliwe, zisiburutwe. Mashine ya kufulia isiachwe ikakamua nguo saa hizo kwa kisingizio kwamba maji yamepatikana, na iwe imesimama sawasawa kwa miguu yake yote minne, isigusane na ukuta, kwa sababu ikiegemea hata kidogo mtetemo wake wote huingia katika jengo.

Katika joto la Dar es Salaam tunalala madirisha yakiwa wazi, na hilo hufanya zile sauti za hewani, ambazo zege limezizuia, zitoke kwa dirisha moja na kuingia kwa jingine. Mazungumzo ya simu ya saa tano usiku kwenye kibaraza, simu ikiwa imewekwa sauti ya nje, husikika ghorofa mbili juu neno kwa neno. Sabufa ni kesi ya pekee, kwa kuwa besi hupenya hata kuta nzito, na kupunguza sauti kwa jumla hakutoshi. Punguza besi yenyewe, iondoe sakafuni, na isiwekwe kwenye kona.

Sasa nijibu swali lako la haki. Wengi husema kwamba baada ya saa nne usiku watu wanyamaze, na kabla ya hapo kila mtu ana uhuru wake. Kanuni hiyo inafaa kubandikwa ngazini, lakini haimtoshi mtu anayelala mchana ili usiku akawahudumie wagonjwa, na haiwatoshi wenye kichanga wala wenye mgonjwa ndani. Saa hubadilika pia pande zote: mwezi wa Ramadhani watu huamka kupika daku, Jumamosi alfajiri jumuiya hukutana kusali na kuimba katika nyumba ya mmoja wao, na msiba ukitokea jengo zima huvumilia kwa siku kadhaa, kama inavyostahili. Katika yote hayo nimeona kwamba jirani aliyeambiwa mapema huvumilia mara nyingi zaidi kuliko yule aliyeshtukizwa. Mwombe muuguzi huyo akupe ratiba yake ya zamu ya kila mwezi, uibandike kwenye friji, na siku alizotoka kazini watoto wapelekwe uwanjani au kwa bibi yao asubuhi. Siku nyingine zote mchana ni wenu, naye aambiwe hivyo kwa upole na kwa uwazi, kwa sababu naye ana wajibu wa kukubali kwamba watoto wanaishi juu yake.

Ujumbe kupitia kwa mlinzi ukome. Mlinzi hufikisha maneno bila sauti ya aliyeyasema, na neno la kuomba hufika likiwa la kuamuru. Kundi la WhatsApp la jengo ni baya zaidi, kwa kuwa mtu akishatajwa mbele ya wakazi wote hawezi tena kukubali kosa bila kuona aibu. Piga hodi mwenyewe, pamoja na mkeo, saa ambayo mama huyo ameshaamka na kula, msalimieni kwa heshima ya umri wake, na mwanze kwa kumuuliza ni sauti gani hasa inayomwamsha.

Baadhi ya waliokujibu wamekushauri ufuate sheria. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2015 Tanzania Bara ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinazosimamiwa na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawawezesha wamiliki wa fleti katika jengo moja kuwa na umoja wao na taratibu zao. Vyombo hivyo vina nafasi yake pale baa inapofunguliwa chini ya jengo au jenereta inapofungwa chini ya dirisha la mtu. Kwa visigino vya watoto wawili sioni vitaleta nini zaidi ya uadui wa kudumu, na hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa atakwambieni mkazungumze kwanza.

Kuhusu kuhama, subirini hadi hatua hizi ziwe zimefanyiwa kazi kwa miezi michache. Mkiamua kuhama, tafuteni fleti ya ghorofa ya chini, au ile ambayo chini yake ni duka, ofisi au maegesho, na mwende kuiona jioni watu wakiwa nyumbani. Simameni katikati ya kila chumba mkiwa kimya, na mmwombe dalali au mwenye nyumba apande ghorofa ya juu, kama mkazi wake ataridhia, atembee na kuvuta kiti, ili mjue pia mtakachokuwa mkikisikia ninyi.